Sledi ya msumeno wa meza: Rockler, Incra, au ya plaiwudi ya kujitengenezea?

Geji ya pembe inayokuja ndani ya boksi la msumeno wa meza ndiyo kifaa dhaifu kuliko vyote vilivyomo. Uso wake hauzidi sana kiganja cha mkono, reli yake inacheza ndani ya mfereji, na ukiitumia kusukuma ubao wa sentimita 40 ubao unasuguana na meza, unageuka kidogo, na mkato unatoka na digrii 89 na ushee. Ubao mmoja hauonyeshi kitu. Unganisha pande nne za droo, kosa linajumlika, na droo inayumba ndani ya kabati.

Sledi inamaliza tatizo hilo kwa sababu ubao unaokatwa hauburuzwi tena juu ya meza. Unatulia juu ya kitako kipana chenye fensi, yaani ukuta mnyoofu wa kuegemeza ubao, na kitako chenyewe ndicho kinachoteleza, kikiongozwa na reli zilizomo kwenye mifereji ya meza. Faida ya pili haisemwi vya kutosha: kitako kimekatwa na bledi ile ile, kwa hiyo upenyo wake ni sawa kabisa na unene wa bledi. Nyuzi za chini ya ubao zinashikiliwa hadi mwisho na hazing'oki. Kwa plaiwudi yenye veneta (tabaka ya mbao ya juu) nyembamba, hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kuwa na sledi.

Tunapima njia tatu: sledi ya Rockler, sledi za Incra (Miter Express na Miter 5000), zote kutoka Marekani, na ile ya plaiwudi inayotengenezwa karakanani. Tuseme mapema. Kwa fundi wa samani ambaye karibu mikato yake yote ni ya digrii 90, ya plaiwudi inazishinda zile mbili, mradi reli zikae barabara na fensi ipimwe kwa mikato mitano, jaribio tunalolieleza chini. Za kununua zina nafasi yake, nayo ni kazi za pembe.

Pima msumeno kwanza

Sledi za dukani zimetengenezwa kwa mfereji wa vipimo vya Marekani: upana robo tatu ya inchi, yaani milimita 19, na kina milimita 9.5. Misumeno mikubwa ya karakana kwa kawaida ina mfereji huo. Midogo ya kubebeka mara nyingi ina vipimo vyake yenyewe, na mingine ina vimeno vidogo vinavyotokeza kwenye mdomo wa mfereji ili reli ya geji isinyanyuke. Kwenye hiyo, pima nafasi iliyo kati ya vimeno, si kati ya kuta. Chukua venia (kipimo chenye taya za kuteleza), pima mbele, katikati na nyuma. Tofauti ikizidi milimita 0.1, reli yoyote itakuwa ngumu sehemu moja na itacheza sehemu nyingine. Palipobana pasugue kwa tupa laini kabla ya kuilaumu sledi.

Kisha pima kama bledi iko sambamba na mfereji. Chomoa waya wa umeme. Weka alama ya kalamu kwenye jino moja, pima umbali kutoka ukuta wa mfereji hadi jino hilo likiwa mbele, zungusha bledi hadi jino lile lile liwe nyuma, pima tena. Tofauti isizidi milimita 0.1. Fundi wengi wanaruka hatua hii, halafu wanashangaa sledi inatoa digrii 90 safi lakini upande mmoja wa mkato umeungua na una mistari ya duara. Ni meno ya nyuma yanayosugua ubao wakati wa kutoka. Hakuna sledi inayoweza kutibu ugonjwa huo. Zinalegezwa bolti zinazoshikilia mhimili wa bledi chini ya meza, au meza yenyewe, na kupangwa upya.

La mwisho ni urefu wa bledi. Bledi ya milimita 250 hutokeza karibu milimita 80 juu ya meza. Kitako cha milimita 18 kinakula 18, unabaki na kama 60. Kwa mguu wa meza wa inchi tatu haitoshi, na itabidi kuugeuza na kukata mara mbili. Msumeno mdogo wa bledi ya 210 unaotokeza kama milimita 65 unabaki na 47 tu, kwa hiyo huo unastahili kitako cha milimita 12.

Za dukani

Sledi ya Rockler ina reli moja inayoingia kwenye mfereji wa kushoto, fensi ya alumini inayozunguka kwenye skeli ya pembe, na stopa ya kukunja, yaani kizuizi cha kupangia urefu wa kipande. Inakuja na kipande cha pili cha kitako kinachokaa upande wa kulia wa bledi, ili kipande kilichokatwa kisidondokee kwenye meza iliyo chini zaidi. Hicho cha kulia ni cha lazima. Bila hicho, mwisho wa mkato kipande kinainama kwa uzito wake na kona ya chini inameguka.

Udhaifu wake unatokana na muundo wenyewe. Reli moja ina maana kwamba usahihi wote unabebwa na kuta mbili za mfereji mmoja; uchezaji mdogo wa reli unaonekana mkubwa kwenye ncha ya fensi. Na fensi inayozunguka ina mkono wa kukazia, ambao unaweza kulegea au kugongwa. Ukirudi kwenye digrii 90 baada ya kukata 45, usiamini mstari wa skeli. Unene wa mstari wenyewe unatosha kuficha kosa. Pima upya kwa guni (kipimo cha pembe ya digrii 90) kila mara, na kama kazi ni ya kabati, kwa mikato mitano.

Incra wamelishughulikia jambo hili vizuri zaidi. Geji zao hazitegemei jicho: pembe zinashikwa na meno yaliyokatwa kwenye ukingo wa bamba, kwa hiyo ukiondoka digrii 90 kwenda 45 na kurudi, unarudi pale pale. Reli yao ina vishikizo vinavyotanuliwa kwa ufunguo wa pembe sita hadi uchezaji uishe. Miter Express ni kitako kinachopokea geji ya Incra uliyo nayo tayari, na geji hiyo inatoka ukitaka kuitumia peke yake. Miter 5000 inakuja na geji yake na fensi ndefu ya kuvuta. Anayetengeneza fremu za picha, masanduku ya pembe sita au nane, au mapambo ya dari yenye pembe za kila aina, atarudisha pesa yake. Anayetengeneza vitanda na makabati hatapata kitu ambacho plaiwudi haimpi, na atakuwa amelipia kusafirisha boksi kubwa na zito kuvuka bahari.

Kitu kimoja cha dukani tunachokipendekeza hata kwa sledi ya kujitengenezea ni reli za chuma za kurekebishika. Zinauzwa peke yake, ni nyepesi kusafirisha, na hazivimbi masika yakianza.

Ya plaiwudi

Kitako: plaiwudi ya milimita 18, upana 750, kina 550. Chagua ya marine au nyingine yenye tabaka nyingi zisizo na matundu katikati, na iwekee rula ndefu pande zote mbili kwa mshazari kabla ya kulipa. Iliyopinda itabaki imepinda hata ukiifunga fensi mbili. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ni bapa zaidi kuliko plaiwudi, lakini kingo zake zikinyonya unyevu zinavimba na hazirudi. Kwa Mombasa, Dar es Salaam au Unguja tungeiepuka, au basi tupake vanishi kila upande, pamoja na ndani ya upenyo wa bledi.

Reli ndipo sledi nyingi zinapokufa. Ukitumia mbao, tumia mninga. Ni mti unaojulikana kwa kusinyaa na kuvimba kidogo mno ukilinganishwa na mbao nyingine ngumu, unapigwa randa vizuri, na mabaki yake hayakosi kwenye karakana za Tanzania. Mkongo na mtiki vinafaa pia. Paina usiguse. Kata reli ili duara za miaka zisimame wima ukiitazama ncha yake. Kwa mkao huo upana haubadiliki sana. Upana uwe wa kuingia kwa kusukumwa na kidole kimoja bila kutikisika kushoto na kulia. Unene uwe milimita 8.5 hadi 9 kwa mfereji wa 9.5, maana reli ikigusa chini ya mfereji, vumbi kidogo tu linainyanyua sledi nzima.

Kuzigandisha: tandika washa chache ndani ya kila mfereji ili reli zitokeze nusu milimita juu ya meza. Shusha bledi chini kabisa. Paka mstari mwembamba wa gundi kwenye mgongo wa kila reli, laza kitako juu, ukingo wake mmoja ukiegemea fensi ya kupasulia (ile ya msumeno wenyewe), weka uzito na uache ikauke. Kisha geuza, toboa tundu la kuongozea skrubu, zamisha kichwa, na funga skrubu fupi kila baada ya sentimita 10. Hapa kuna mtego. Tundu likiwa dogo mno, skrubu inatanua mbao na reli inavimba mahali pale pale palipofungwa. Sledi iliyokuwa inateleza vizuri kabla ya skrubu inagoma ghafla. Usiisugue reli nzima kwa msasa kwa hasira. Paka penseli kwenye kuta za mfereji, sukuma sledi mara mbili tatu, igeuze utazame. Kutakuwa na madoa meusi ya kung'aa, marefu kama punje ya mchele, mara nyingi mkabala na skrubu. Kwangua madoa hayo tu kwa ukingo wa patasi, rudia. Mara tatu au nne zinatosha. Malizia kwa nta: kipande cha mshumaa kinafaa kabisa. Mafuta ya injini hayafai, yanaingia kwenye mbao na kukataa vanishi baadaye.

Fensi ya mbele, ile iliyo mbali nawe, kazi yake ni kuzuia kitako kisigawanyike vipande viwili. Igandishe kwa gundi na skrubu, usihangaike na pembe yake. Fensi iliyo upande wako ndiyo yenye hesabu. Gundisha tabaka mbili za plaiwudi ya 18 juu ya kitu bapa, kama meza ya msumeno iliyotandikwa nailoni, uziache zimebanwa usiku kucha, kisha nyoosha uso wa mbele kwa randa hadi rula isionyeshe mwanga. Urefu wake 750, kimo angalau 100 katikati, ili bledi ikiinuliwa yote isiikate fensi ikaisha. Chini ya uso wake sugua kona kidogo, milimita 3, vumbi lipate pa kukaa. Chembe moja ya vumbi kati ya ubao na fensi inaharibu usahihi wote uliouhangaikia.

Fensi hii usiitie gundi. Ifunge kwa skrubu mbili tu kwa sasa, moja karibu na ncha ya kulia ambayo itakuwa egemeo, nyingine ncha ya kushoto. Sentimita 10 kila upande wa njia ya bledi kusiwe na skrubu yoyote, wala ya chini wala ya fensi. Jino la kabaidi likigonga skrubu linaruka kama risasi.

Kabla ya kufunga fensi hiyo, washa msumeno, inua bledi ipenye kitako, sukuma sledi hadi upenyo ubakize kama sentimita 10 kufika ukingo wa nyuma. Zima, subiri bledi isimame. Sasa weka guni, mguu mmoja kwenye upenyo, mwingine kwenye fensi, ndipo ufunge. Huo ni ukadiriaji tu. Usahihi unakuja sasa.

Mikato mitano

Njia hii imeenezwa na William Ng, mwalimu wa useremala wa California, na uzuri wake ni kwamba inakuza kosa mara nne kabla ya kulipima. Guni la dukani lenyewe linaweza kuwa na kosa. Mikato mitano haihitaji guni.

Chukua kipande cha plaiwudi au MDF cha takriban milimita 400 kwa 400. Kikiwa kushoto kwa bledi, kata ukingo wa kulia kwa wembamba. Zungusha kipande upande wa saa, ukingo uliotoka kukatwa uje kuegemea fensi, kata tena. Endelea hadi mikato minne. Kwa mkato wa tano, ambao unarudia ukingo wa kwanza, acha utepe wa upana wa kama milimita 25. Usiutupe. Andika A kwenye ncha iliyokuwa mbali nawe, ile iliyokatwa kwanza, na B kwenye ncha iliyokuwa kwenye fensi. Pima upana wa kila ncha kwa venia ya chuma. Ya plastiki haifai kwa kazi hii.

Tuseme A ni 25.70 na B ni 25.30. Tofauti ni 0.40. Gawa kwa nne: 0.10. Hilo ndilo kosa kwa urefu wa mkato, milimita 400, yaani 0.00025 kwa kila milimita. Zidisha kwa umbali kutoka skrubu ya egemeo hadi ncha ya kushoto utakaposogeza, tuseme 600. Unapata 0.15. Kwa kuwa A ni kubwa kuliko B, ncha ya kushoto imetangulia mbele, kwa hiyo irudishwe kuelekea kwako kwa milimita 0.15. Kama B ndiyo ingekuwa kubwa, ungeisogeza mbele.

Jicho haliwezi kusogeza 0.15. Fila geji ya makanika wa magari, yale majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi, inaweza. Weka jani la 0.15 nyuma ya fensi kwenye ncha ya kushoto, bana kipande cha mbao kwa klampu kikiligusa jani hilo, kisha vuta jani litoke. Legeza skrubu ya kushoto, sukuma fensi igote kwenye kipande, ibane kwa klampu. Kama ilitakiwa kwenda mbele, kipande kinabanwa kikigusa fensi moja kwa moja, halafu jani linapenyezwa kati yake liisukume.

Usirudishe skrubu kwenye tundu lile lile. Itafuata njia yake ya zamani na kuivuta fensi irudi ilikotoka. Hili ndilo linalowafanya watu waseme mikato mitano haifanyi kazi. Toboa tundu jipya sentimita 2 pembeni. Rudia jaribio. A na B zikitofautiana kwa 0.10 au chini yake, kosa halisi ni robo tu ya hiyo kwa milimita 400, na samani yoyote itakubali. Ongeza skrubu tatu au nne, kisha pima tena kwa mara ya mwisho, kwa sababu skrubu zenyewe huweza kuvuta.

Mikono

Bledi inatokea nyuma ya fensi, pale pale vidole gumba vinapopenda kukaa. Gundisha kipande kinene cha mbao, upana sentimita 10 na unene 6 au 7, nyuma ya fensi kwenye njia ya bledi, bila skrubu. Kisha zuia sledi isiende mbali kuliko inavyohitajika: kipande kimoja pembeni mwa kitako, kingine kimebanwa juu ya meza, vikutane pale bledi inapokuwa imemaliza ubao. Unganisha fensi mbili kwa bamba la plastiki angavu juu ya njia ya bledi, kwa sababu kinga ya msumeno inabidi itolewe ili sledi ipite. Ule ulimi wa chuma ulio nyuma ya bledi, kama ni mfupi kuliko bledi, uache ulipo, haudhuru kitu.

Vipande vya urefu sawa vikatwe kwa stopa iliyofungwa kwenye fensi ya sledi, upande mmoja tu wa bledi. Kipande kikibanwa pande zote mbili kinakosa pa kwenda, kinapinda na kurushwa. Kwa sababu hiyo hiyo fensi ya kupasulia isitumike kuwa stopa. Na sledi hii isiwahi kutumiwa na bledi iliyolazwa, wala bledi nene kisha nyembamba kwa zamu: upenyo ukishapanuka, nyuzi za chini hazishikwi tena. Iwe na bledi yake moja ya meno 60 hadi 80. Ya meno 24 ni ya kupasua, na kwenye mkato wa kukingama inaacha ukingo kama umetafunwa.

Kuna na misumeno iliyoundwa kwa kuchomelewa iliyojaa karakana za mitaani, meza ya bamba la chuma, mota chini, mfereji hakuna. Sledi inawezekana hata hapo. Reli mbili zinafungwa nje, zikikumbatia kingo za kushoto na kulia za meza. Pima kwanza umbali kutoka bledi hadi ukingo, mbele na nyuma. Chuma kilichochomelewa hupinda kikipoa na mara nyingi ukingo umepotoka milimita mbili tatu. Ukiwa umepotoka, chomelea au fungia bolti flati baa iliyonyooka kwenye ukingo huo, sambamba na bledi, na reli ifuate flati baa. Reli ya upande wa pili iachwe ilegee kama milimita moja: meza ya namna hiyo haina kingo mbili zilizo sambamba, na ukizikaza zote sledi itanasa katikati ya mkato.